Jinsi ya Kuipata Wadi Yako Katika Waraka wa Kurasa Mia Tatu

Yafuatayo ni maneno ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya makatibu wa vikundi, makarani wa ofisi za wadi na wakazi waliohudhuria mafunzo ya matumizi ya kompyuta. Tunayachapisha kwa kuwa wengi waliomba wabaki nayo kwa maandishi.



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo likitajwa tu watu huanza kutazama saa: namna ya kupanga waraka mrefu kwenye kompyuta, na namna ya kutembea ndani yake bila kupotea. Nivumilieni, kwa sababu ndani ya jambo hili kuna zahanati, kuna visima na kuna barabara.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 104, inasema fedha za umma hazitatengwa nje ya mpango ulioandaliwa na kamati kuu ya kaunti na kuidhinishwa na Bunge la Kaunti. Kwa lugha ya nyumbani, mradi usipokuwa kwenye mpango hauna njia ya halali ya kufika kwenye bajeti. Mpango mkubwa ni ule wa miaka mitano, tunaouita CIDP, na wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Chini yake kuna mpango wa kila mwaka, unaotakiwa kufika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Kisha huja taarifa ya mkakati wa fedha, mwisho wake tarehe 28 Februari, halafu makadirio ya bajeti, kufikia tarehe 30 Aprili. Kila hatua hapo ina waraka wake, na nyaraka hizi si barua za ukurasa mmoja. CIDP ni mamia ya kurasa.

Sasa chukua mkazi anayetumiwa faili hilo kwenye WhatsApp saa tatu usiku, na kikao cha kutoa maoni ni keshokutwa. Ana simu yenye kioo kilichopasuka na bando la siku moja. Anataka kujua jambo moja tu: je, ile zahanati ya kijijini kwao imo au haimo? Akianza kusukuma kurasa kwa kidole, atafika ukurasa wa arobaini, kwenye maelezo ya mvua na miinuko ya ardhi, asinzie. Siku ya kikao atasimama aseme, “Tunaomba zahanati.” Jirani yake aliyejua kutafuta atasimama aseme, “Zahanati yetu iko kwenye jedwali la sehemu ya 4.3, imetengewa ujenzi wa choo peke yake, nasi tunaomba wodi ya kujifungulia.” Wote wawili wamezungumza, lakini karani anayeandika kumbukumbu ana la kuandika kwa mmoja tu.

Kwa hiyo nianze na nyinyi wasomaji, kisha nije kwetu sisi tunaoandika. Lawama iliyo kubwa zaidi, nawaambia mapema, iko upande wetu.

Ukifungua waraka kwenye kompyuta, shikilia kitufe cha Ctrl ubofye F. Kwenye simu, tafuta alama ya kioo cha kukuzia. Andika jina la wadi yako kwanza, si neno la mradi. Ukianza na neno la mradi utapata visima vya kaunti nzima. Tena kumbukeni kwamba nyaraka hizi nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Ukiandika “kisima” huenda usipate hata kimoja. Andika “borehole”. Usipopata, andika “water pan”, kisha “water supply”, maana watu wa idara moja hupenda neno moja na wa idara nyingine hupenda lingine.

Majina ya mahali nayo yana vituko vyake. Tuseme kuna kijiji kinaitwa Mtoni Juu. Mwandishi mmoja ataandika Mtoni Juu, wa pili Mtoni-Juu, wa tatu Mtonijuu kwa pamoja. Kompyuta haijui kwamba hicho ni kijiji kimoja. Kwa hiyo tafuta kipande tu cha jina, “Mtoni” peke yake, kisha pitia majibu kwa macho. Na jedwali likiwa na safu nyembamba, jina hukatika likawa mistari miwili, na programu nyingine za kusomea PDF hushindwa kuliunganisha. Kutolipata mara ya kwanza si ushahidi kwamba halimo.

Lakini ukitafuta hata neno “county” ukaambiwa halipo, hapo tatizo si lako. Jaribu kugusa neno moja kwa kidole ulichague. Likikataa, ukurasa wote ukabaki kama picha, basi hiyo ni picha kweli. Waraka umechapishwa kwenye karatasi, ukatiwa sahihi na mhuri, ukapitishwa kwenye skana, na maneno yakageuka kuwa picha ya maneno. Unao mkononi na huwezi kutafuta ndani yake. Omba faili lenye maandishi. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kiswahili, nasisitiza. Afisa anatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Siku 21 ni nyingi kama kikao ni keshokutwa, kwa hiyo ombeni mapema, kabla msimu wa vikao haujafika.

Jambo jingine linalovuruga vikao ni namba za kurasa. Mwenyekiti anasema, “Fungueni ukurasa wa 112,” na nusu ya ukumbi wako mahali pengine. Sababu ni nyepesi. Kurasa za mwanzo, zenye dibaji na orodha ya vifupisho, huhesabiwa kwa tarakimu za Kirumi, kisha hesabu huanza upya kwa 1. Simu yako haijali Warumi. Inahesabu tangu jalada. Kwa hiyo ukurasa wa 112 kwenye karatasi unaweza kuwa wa 130 kwenye simu. Nusu nyingine, pengine, wana nakala ya wiki iliyopita.

Tazameni wenzetu waliolitatua jambo hili zamani. Mwislamu akikuelekeza hutaja sura na aya. Mkristo hutaja kitabu, mlango na mstari. Hakuna anayetaja ukurasa, na ndiyo maana mtu wa Lamu na mtu wa Kisumu, kila mmoja na chapa yake, hufika mahali pamoja. Katiba yetu ya 2010 ni hivyo hivyo: sura 18, ibara 264, na majedwali 6 mwishoni. Nikisema ibara ya 35, aliye na nakala ya Kiswahili, aliye na ya Kiingereza na aliyefungua kwenye simu tumefika wote. Kwa hiyo mkitoa maoni, tajeni namba ya sehemu na namba ya jedwali. Na sisi tunaoandika tuhakikishe namba hizo zipo.

Hapo ndipo nawageukia makarani wenzangu, na nyinyi vijana wa saiba mnaochapia vikundi katiba, mapendekezo ya miradi na maombi ya kupeleka Bunge la Kaunti. Waraka wenu wa kurasa ishirini una shida zile zile za waraka wetu wa mia tatu.

Wengi tukitaka kichwa cha habari, tunaandika maneno, tunayakoleza, tunaongeza ukubwa, pengine tunapiga mstari chini. Kwa macho, hicho ni kichwa. Kwa kompyuta, hiyo ni sentensi kama nyingine, ila imenenepa. Ni kama kijana aliyevaa sare ya sacco ya matatu. Ukimwona stejini utasema ni kondakta wao. Nenda ofisini ufungue daftari la wanachama, jina lake halimo. Kuingia kwenye daftari ndiko kunakofanywa na kile kinachoitwa mtindo wa kichwa.

Kwenye Microsoft Word, nenda pale palipoandikwa Home, upande wa kulia utaona visanduku vya mitindo. Weka kishale kwenye kichwa chako, bofya Heading 1. Kichwa kilicho chini yake, Heading 2. Kilicho chini zaidi, Heading 3. Asiyependa kuhangaika na kipanya ashikilie Ctrl na Alt pamoja, kisha abofye 1, 2 au 3. Kwa wale wanaotumia LibreOffice, ambayo haina malipo, ni Ctrl na namba tu. Google Docs hufuata njia ile ile ya Word.

Najua kwa nini watu hukataa. Ukibofya Heading 1, maneno yanageuka rangi ya samawati, na mkubwa wako hataki samawati. Basi bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kisanduku kile cha Heading 1, chagua Modify, weka rangi nyeusi na herufi unazotaka. Umebadilisha mara moja, na vichwa vyote vya ngazi hiyo, hata viwe mia, vimefuata. Aliyekoleza kwa mkono atavipitia kimoja kimoja, na kimoja kitamponyoka.

Sasa nenda palipoandikwa View, weka alama kwenye Navigation Pane. Upande wa kushoto kunafunguka kidirisha chenye vichwa vyako vyote, kama orodha ya vituo vya basi. Bofya “Afya”, uko Afya. Bofya “Maji”, uko Maji. Kwenye LibreOffice kidirisha hicho hufunguliwa kwa kitufe cha F5. Mkurugenzi akisema sura ya kilimo itangulie ya biashara, hukati na kubandika kurasa thelathini ukiomba Mungu. Unashika kichwa “Kilimo” kwenye kidirisha, unakivuta juu, na sura nzima, majedwali yake na yote, inakwenda nacho.

Faida ya pili ni Yaliyomo. Karani anayechapa Yaliyomo kwa mkono, nukta nukta nukta hadi namba ya ukurasa, ameandika kitu kitakachokuwa uongo mara tu aya moja ikiongezwa mbele. Vichwa vikishawekewa mtindo, nenda References, bofya Table of Contents, na orodha inajitengeneza. Ukibadilisha waraka, bofya ndani ya orodha kisha F9, uchague kusasisha orodha nzima. Namba za sehemu nazo, 4, 4.1, 4.1.1, zifungwe na mitindo hiyo hiyo, zisichapwe kwa kidole, ili sehemu ikiondolewa zilizobaki zijihesabu upya.

Na mkiandika “tazama Jedwali la 7”, msichape 7. Hapo hapo kwenye References kuna Insert Caption ya kulipa jedwali jina na namba, na Cross-reference ya kulitaja. Jedwali likiongezwa juu yake, 7 inageuka 8 kila mahali vitu hivyo vikisasishwa. Nadhani wengi mmewahi kuona, katika ripoti rasmi iliyochapishwa kwa rangi, maneno “Error! Reference source not found.” Maana yake ni kwamba mtu alifuta kilichokuwa kikitajwa, na hakuna aliyesoma tena kabla ya kupeleka kiwandani. Kabla ya kuchapisha, chagua waraka wote kwa Ctrl na A, bofya F9, kisha tafuta neno “Error!” Ni kazi ya dakika moja.

Kuhusu ngazi za vichwa, maoni yangu ni kwamba tatu zinatosha. Waraka wenye sehemu ya 4.2.3.1.6 umeandikwa kwa ajili ya mwandishi. Na kichwa kiseme kitu. “Hali Ilivyo” kikirudiwa chini ya kila idara hakimwelekezi mtu. “Maji: visima na mabwawa yaliyopo” kinamwelekeza.

Nije kwenye majedwali, kwa sababu fedha zenu ziko humo. Jedwali la miradi ya wadi linaweza kwenda kurasa kumi na mbili. Ukurasa wa kwanza una mstari wa juu: wadi, mradi, mahali, gharama, chanzo cha fedha, mwaka. Ukurasa wa tano hauna. Msomaji anaona 3,000,000 na kando yake 1,200, asijue ipi ni shilingi na ipi ni idadi ya watu watakaonufaika. Nimeona mabishano makali ukumbini yaliyotokana na hilo peke yake. Dawa yake ni ndogo mno. Chagua mstari wa juu wa jedwali, nenda Layout ile ya upande wa jedwali, bofya Repeat Header Rows. Kuanzia hapo kila ukurasa utakuwa na mstari huo juu. Palepale kwenye tabia za jedwali, ondoa ruhusa ya mstari kukatwa katikati ya kurasa mbili, ili jina la mradi lisibaki huku na gharama yake ikaruka kule.

Tena andikeni jina la wadi katika kila mstari wa jedwali. Mtindo wa kuliandika mara moja juu ya miradi ishirini, au kuunganisha visanduku vyote kuwa kimoja kirefu, unapendeza kwenye karatasi, lakini anayetafuta kwa simu atapata mradi mmoja na kudhani ndio wote. Majina yenyewe yafuate tahajia ya IEBC, ile iliyo kwenye orodha ya wadi za uchaguzi, tusibuni yetu.

Nyaraka zetu huandikwa na idara nyingi, kila moja na sura yake, kisha mtu mmoja huzishona usiku. Hapo ndipo mitindo hugongana, namba zikaanza upya katikati. Mwenye kushona apeleke kielelezo mapema, faili tupu lenye vichwa na majedwali yaliyokwisha kupangwa, kila idara ijaze humo. Faili lipewe jina lenye tarehe, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na kompyuta italipanga yenyewe. Sitaki kusema mengi juu ya mafaili yanayoitwa “FINAL”, “FINAL 2” na “FINAL YA MWISHO KABISA”.

Mwisho wa kazi huwa PDF, na hapa ndipo jasho lote linaweza kumwagika bure. Ukienda Print ukachagua kuchapisha kwa PDF, vichwa vyako havitoki kama alama za kubofya. Tumia Save As, chagua PDF, fungua Options, weka alama kwenye Create bookmarks using Headings. Sasa mkazi akifungua faili kwenye programu ya kusomea PDF, ataipata ile orodha ya vituo akaigusa. Mkubwa akitaka sahihi na mhuri, atie kwenye ukurasa mmoja. Huo mmoja ndio upitishwe kwenye skana na kuunganishwa na mwingine wote ulio na maandishi hai.

Kuna mkazi mwingine ambaye simzungumzii mara nyingi inavyostahili. Asiyeona hutumia programu inayomsomea kwa sauti, kama NVDA, ambayo hailipiwi, au TalkBack iliyomo kwenye simu za Android. Wewe na mimi tunaweza kurusha jicho juu ya ukurasa. Yeye huruka kutoka kichwa hadi kichwa, na hukuruka kwa vichwa kunawezekana tu ikiwa vichwa ni vya kweli. Vikiwa vimekolezwa tu, itambidi asikilize waraka wote, neno kwa neno, mvua na miinuko yote, hadi afike kwenye wadi yake. Ukiwa picha ya skana, programu yake huenda isipate hata neno la kumsomea. Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari kwa njia inayomfaa. Kwa karani, haki hiyo ni kubofya Heading 1.

Nimezungumza vya kutosha, na kompyuta ziko tayari. Kila meza ina mafaili mawili yenye maneno yale yale, moja likiwa limekolezwa kwa mkono na jingine likiwa na mitindo. Mzee, wewe na vijana wawili hapo mchukue lile la kwanza. Meza ya akina mama wachukue la pili. Tafuteni miradi yote ya maji ya wadi hii, mniandikie namba ya sehemu, namba ya jedwali na kiasi cha fedha. Bwana Msimamizi atashika saa. Mkimaliza mbadilishane mafaili, kisha tuketi tuandike maoni ya kikao kijacho kwa namba mlizozipata.